Mkaguzi na Uzi wa Buluu

Asubuhi ile mandolini ilikuwa ikining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, kama kawaida. Mkaguzi alifumbua macho. Hakusema habari za asubuhi. Akiwa bado amelala alinyoosha mkono, akagusa jozi ya kwanza ya nyuzi kwa kucha, halafu ya pili, halafu ya tatu. Kwenye ya tatu pua yake ikajikunja.

"Nini tena?" mumewe akauliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akitafuta soksi.

"Imelala tamu, imeamka chungu. Kama wewe."

"Mimi nimeamka vizuri tu."

"Basi nusa hizo soksi kabla hujazivaa, halafu urudie hayo maneno."

Wakaenda jikoni. Mumewe akamimina chai. Mkaguzi aliinua kikombe, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha mezani.

"Hiki nani amekiosha?"

"Mimi."

"Umekiosha au umekitembeza tu kwenye maji?"

Akainuka akakiosha tena mwenyewe. Alikuwa hivyo siku zote, na mumewe kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameshazoea kunywa chai ikiwa imepoa.

Kabla chai haijaisha, mlango ukagongwa. Alikuwa mdogo wa mumewe, fundi wa mandolini. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, na kwa mwaka alitoa mandolini nane, mwaka mzuri kumi. Hakuwa na mwenzake wala bosi. Mandolini zile zilikuwa mbao, mikono yake, na pua ya shemeji yake.

"Hodi! Shemeji, nipe habari njema kabla sijakaa."

"Basi usikae."

Fundi akacheka, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. Mkaguzi aliishusha mandolini kutoka ukutani, akamwekea tundu lake puani.

"Nusa."

"Nasikia gundi."

"Unasikia gundi iliyochacha. Umeichemsha siku moja, ukailaza, ukaipasha tena. Gundi siyo kiporo, shemeji."

Akachukua tochi na kile kioo chake kidogo chenye mkono mrefu, alichopewa na daktari wa meno. Akakiingiza kwenye tundu.

"Hapa shingo inapoingia tumboni umeacha mwanya. Halafu mwanya umeujaza unga wa msumeno na gundi."

"Kidogo tu."

"Kidogo kama nini? Kama mende mmoja kwenye mchuzi?"

"Shemeji, mteja anasubiri. Mwalimu wa muziki amekuja mara tatu."

"Aje na ya nne. Haijapita. Fungua shingo uanze upya."

Fundi akaizungushia blanketi lake, akaipakata. Mlangoni akamgeukia kaka yake. "Nyumba hii mtu anaingia na mandolini, anatoka na kuni."

"Hata kuni hazifai," Mkaguzi akasema kutoka jikoni. "Zitanukisha moshi."

Wote watatu walicheka. Mume akaenda kwenye kibanda chake cha kuziba matairi, mke akaenda kushona mapazia.

Saa kumi alasiri mama wa duka la jirani alikuja mbio mpaka kibandani, kanga imemponyoka begani. Mkaguzi alikuwa ameinamia cherehani, hapumui, mguu bado kwenye kanyagio, na pazia la watu limemfunika nusu ya uso.

Mzee, mumewe, alifika nyumbani mikono ikiwa myeusi mpaka viwikoni. Akasimama kwenye bomba la nje, akaomba sabuni. Watu wakampigia kelele: mzee, utanawa saa hizi? Ingia! Alinawa mpaka kwenye kucha, akanusa vidole, akanawa tena. Ndipo akaingia akamshika mkewe.

*

Watu walimwita Mkaguzi, na wengine walimwita hivyo kwa kumkejeli. Alikuwa mshona mapazia. Hakuwa na cheti cha muziki wala cha kitu kingine chochote. Alichokuwa nacho ni kuona kinyaa. Wengine huzaliwa na sauti, wengine na mbio. Yeye alizaliwa na pua inayojikunja, na haikuwahi kujikunja bure.

Ilianzia kwa baba yake. Baba huyo alipiga mandolini kwenye ukumbi wa mtaa, na alipochoka akampa binti yake ile ya kwake, iliyotoka kiwandani, inayong'aa kama peremende. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza jukwaani, katikati ya wimbo, ubao wa juu ulibonyea, daraja la kubebea nyuzi likazama, nyuzi zikalala juu ya mbao kama tambi kwenye sahani. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakulia. Alichungulia ndani ya ule mpasuko na kuona mbavu za mbao zilizobandikwa upande upande, gundi imechuruzika ikakaukia njiani kama makamasi ya mtoto. Alisema baadaye kwamba kilichomtia aibu hakikuwa kicheko. Ni kwamba alikuwa amekikumbatia kitu kile kifuani miezi sita, na ndani kilikuwa kichafu vile.

Hakuitupa. Alikata ubao wa juu akaifanya sanduku la vifungo. Wageni walipouliza, alisema, "Hiyo ndiyo kazi pekee iliyoiweza."

Alipoolewa akamkuta shemeji anayejifunza kutengeneza mandolini. Ya kwanza fundi alimletea kama zawadi, na alingoja kusifiwa. Mkaguzi aliishika, akainusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaichungulia, akairudisha.

"Ni nzuri?" fundi akauliza.

"Ina miguu ya mandolini."

"Mandolini haina miguu."

"Ndiyo maana nikashangaa."

Fundi alinuna mwezi mzima. Kisha akarudi na ya pili. Hapo ndipo kazi yao ilipoanza, na ilidumu mpaka asubuhi ile niliyoisimulia.

Yeye mwenyewe alikuwa na tatu tu kwa maisha yake yote, zote za mkono wa shemeji. Ya kwanza kuipokea, baada ya kurudisha tisa, alisema ina sauti ya mtu mkweli mwenye mafua. Ya pili ilikuwa na kelele nzuri, wageni wote waliipenda. Yeye alisema inasema sana na haina la kusema, akaiweka nyuma ya kabati. Ya tatu ndiyo aliyokuwa akipiga jioni. Mumewe, ambaye masikio yake yaliharibiwa na mashine ya upepo na nyundo, aliwahi kuuliza hii ina nini. Mkaguzi alipiga jozi moja, akaizima kwa kiganja.

"Sikia inavyonyamaza," akasema. "Nyingine zinanyamaza kama mtu aliyekatizwa. Hii imemaliza."

Mumewe hakusikia tofauti, akakubali tu.

Kila mandolini ya karakana ilipita kwake kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Kwanza iliwekwa kwenye msumari juu ya kitanda, ilale nao siku kadhaa, isikilizwe inavyoamka. Halafu aliinusa. Baada ya hapo kilikuja kioo na tochi, kisha kugonga, na kusikiliza kila jozi, kwa sababu nyuzi mbili za jozi lazima ziwe kinywa kimoja. Ikipita, alikata kipande cha uzi wa buluu, uleule wa mapazia, akakifunga kichwani mwa mandolini chini ya vigingi, kwa fundo dogo la kishonaji lisiloonekana. Ni hilo tu, bila karatasi wala muhuri. Lakini wapigaji walijua. Mtu alisafiri siku mbili, akaingia karakana, na kabla ya salamu alitazama kichwa cha mandolini kama kina uzi.

Na mumewe je? Alipendwa kwa njia hiyohiyo. "Unanuka kama barabara," alimwambia kila jioni, akamwekea ndoo na sabuni ya unga nje ya mlango. Wengine wangeona ni masimango. Yeye alijua kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejali ananuka nini.

*

Siku za msiba nyumba ilijaa. Watoto wao walikuja kutoka mbali, wakalia, wakapika. Watu wakakaa kwenye kila kitu. Jirani mmoja aliweka kikombe cha chai juu ya ile mandolini ya tatu, kikaacha duara jeupe kwenye vanishi. Mwingine, mdomo bado una mafuta ya nyama, aliishusha akaikwaruza kwa vidole vilevile, akasema, "Marehemu alipenda sana muziki." Mzee alitoka nje akatema mate. Hakuwa mtu wa kutema mate. Lakini tangu siku ile kinyaa cha mkewe kilikuwa kama kimehamia kwake, na hakujua pa kukiweka.

Siku ya mwisho, watoto wakiwa wanafunga mizigo, mdogo wake alimvuta pembeni. Macho yalikuwa mekundu kwelikweli.

"Kaka, nina ombi. Mandolini zake sizitaki, ni za watoto. Nataka kitu kidogo tu cha kumkumbuka."

"Chukua unachotaka."

"Ile rili ya uzi wa buluu."

Mzee aliingia chumbani, akaifungua droo ya cherehani, akaitoa. Ilikuwa karibu mpya. Alipompa mdogo wake walikumbatiana wakalia kama watoto wadogo. Kati ya watu wote waliokuja na maneno yao, huyu ndiye aliyeomba kitu chenye maana. Ndivyo alivyofikiri. Alilala siku hiyo akimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu.

Miezi miwili ikapita. Mzee alirudi kwenye matairi.

Siku moja pikipiki ya Mwalimu wa muziki ilikuja ikisukumwa, gurudumu la nyuma limelala. Mwalimu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye jasho, na mgongoni alikuwa na mfuko wa mandolini.

"Mzee wangu, pole tena na msiba," alisema akiketi kwenye tairi kuukuu. "Mimi nimebahatika. Nimeipata ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya mwisho aliyoipitisha mama yetu. Fundi aliniambia aliifunga uzi asubuhi ileile."

Akafungua mfuko. Mzee alifuta mikono, halafu akaenda kuinawa kabisa, ndipo akaipokea. Uzi wa buluu ulikuwepo kichwani. Aliigeuza. Mgongoni palikuwa na jicho la mbao, la kahawia, kama jicho la mtu aliyesinzia. Aliliona jicho hilo siku tatu likiwa juu ya mto wake.

Akaileta puani. Gundi ilikuwa bado ipo, chini ya vanishi mpya, kama chakula kilichooza ndani ya friji iliyopakwa rangi.

"Inaamkaje asubuhi?" akauliza.

Mwalimu akashangaa. "Inaamkaje? Aa, ile jozi ya tatu ndiyo nakaza kidogo kila siku kabla ya kipindi. Hali ya hewa."

"Hali ya hewa," mzee akarudia.

Alimrudishia. Mdomo ulimjaa mate ya chumvi. Angesema nini? Kwamba mdogo wake ni mwongo, na uzi ule ni yeye mwenyewe aliyeutoa kwa mkono wake, huku akilia? Akaziba gurudumu. Mwalimu akapanda, akapunga mkono, akaenda zake na mandolini mgongoni, mtu mwenye furaha.

*

Mzee hakufunga hata kibanda. Alikwenda moja kwa moja karakana.

Alikuwa hajaingia tangu msiba. Zamani palikuwa pakifagiliwa, kwa sababu Mkaguzi alikuwa akipita bila taarifa. Sasa mabaki ya randa yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kopo la gundi lilikuwa kwenye jiko la mkaa, juu limefunga utando, na ndani ya utando palikuwa na nzi wawili na unywele. Brashi ilikuwa imesimama humo peke yake. Harufu ile ilimpiga kooni, akaziba mdomo kwa mkono.

Ukutani zilining'inia mandolini tano, nyingine bado zile zilizowahi kukataliwa. Zote zilikuwa na uzi wa buluu. Ya tano ilikuwa haina nyuzi bado. Ya sita haikuwa mandolini hata kidogo. Ilikuwa shingo na kichwa tu, bila tumbo, imebanwa kwenye jiriwa, ubao mbichi usiopigwa msasa, na juu yake fundo la buluu.

"Kaka! Karibu, kaa."

"Nimesimama." Akanyoosha kidole. "Hii shingo imepita?"

Fundi akatazama, akajaribu kucheka. "Nafunga mapema nisisahau."

"Haina tumbo."

"Litakuja."

"Na hiyo ya Mwalimu? Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa chai."

Fundi akaacha kucheka. Aliweka patasi chini. "Watu hawanunui mbao, kaka. Wananunua uzi. Tangu afe, hakuna aliyeingia mlango huu asiulize hilo swali: uzi uko wapi? Wanaichukua mandolini nzuri kabisa, wanaigeuza, wanairudisha. Nifanye nini? Nife naye?"

"Tengeneza."

"Kwa masikio ya nani?" Sauti ilipanda. "Mimi nilikuwa mikono tu! Unadhani sijui? Nachonga, yeye anasikia. Nachonga, yeye anasikia. Miaka thelathini na ushei. Sasa nachonga nasimama hapa kama bubu, sijui hii imekaa au haijakaa. Wewe una kumbukumbu, una kaburi la kwenda. Mimi sina hata mtu wa kunitukana."

Hapo mzee alilegea kidogo. Alikuwa ndugu yake, na alichokisema kilikuwa kweli. Alitaka kumshika bega. Kisha akaiona rili ya uzi kwenye msumari kando ya dirisha, imebaki nusu, imeshikwa na vidole vya gundi mpaka rangi ya buluu imekuwa kama ya jipu.

"Nipe hiyo."

"Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa ukumbusho."

"Na ninamkumbuka kila siku," fundi akasema, na kicheko kikamtoka. Pengine hakukikusudia. Lakini kilitoka, kidogo, cha puani.

Mzee aliitwaa rili kutoka kwenye msumari. Ilinata. Akaifunga kwenye leso yake, akaenda nyumbani mkono ukiwa mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Nyumbani hakula. Alikaa jikoni akatazama. Mezani palikuwa na vikombe vinne, vyote vyake, vya siku nne, kila kimoja kina mstari wa kahawia ndani. Kwenye sinia palikuwa na makombo. Taulo lilinuka. Miezi miwili alikuwa akiishi humo hakuna anayekunja pua, naye alidhani ni huzuni. Ilikuwa uchafu tu. Na uchafu mkubwa kuliko wote ulikuwa ule wa kibandani: kwamba aliishika mandolini ile, akainusa, akajua, akairudisha kwa mtu mwema na kumwambia hali ya hewa.

Akainuka akachemsha maji. Aliosha vikombe, sinia, meza, taulo, kitasa cha mlango. Akaosha tena.

*

Asubuhi alikwenda shuleni kwa miguu. Mwalimu alikuwa peke yake kwenye chumba cha muziki, anakaza jozi ya tatu.

"Mzee! Kuna nini asubuhi hii?"

"Nimekuja kukwambia jambo. Hiyo mandolini mke wangu hakuipitisha. Aliikataa. Mbele yangu. Uzi huo kaufunga mdogo wangu baada ya mazishi, na rili niliitoa mimi."

Mwalimu alibaki na kigingi mkononi. "Mbona hukusema jana?"

"Niliona aibu. Leo nimejionea kinyaa, na hilo ni baya zaidi."

Mwalimu aliitazama mandolini, akaipapasa mgongoni penye lile jicho. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mchumba wake ana mume.

"Ina nini?"

"Shingo haikukaa. Kuna mwanya umejazwa unga wa mbao. Ndiyo maana inaamka vibaya. Si hali ya hewa."

"Lakini mimi naipenda, mzee. Wanafunzi wanaipenda. Nikiuacha uzi hapo, nani anaumia? Yeye ameshakwenda."

"Ipende. Sijaja kukunyang'anya mandolini. Uzi ndio si wako. Wala si wangu."

Mwalimu alilipapasa fundo kwa kidole. Kisha akageuza kichwa cha mandolini kuelekea kwa mzee, kama mtu anayetoa mkono achomwe sindano.

Mzee hakuhitaji kisu. Fundo lilikuwa kubwa, la ovyo, la kufungia gunia. Lilifunguka kwa kuvuta mara moja. Mkewe angecheka. Alikiweka kile kipande kwenye leso pamoja na rili.

"Na nyingine?" Mwalimu akauliza. "Zilizobaki karakana?"

"Waambie wapigaji wenzako. Alikufa siku ile. Hakuna ya baadaye. Anayetaka ya mdogo wangu anunue kwa pua yake mwenyewe."

Mwalimu akapiga jozi ya tatu, akaisikiliza inavyokufa. Uso wake ukajikunja polepole. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kuona kinyaa kikizaliwa kwenye uso wa mtu mwingine.

"Sasa naisikia," Mwalimu akasema. "Mungu wangu. Nimeikumbatia mwezi mzima."

*

Habari zilifika karakana kabla ya adhuhuri kesho yake. Fundi alikuja nyumbani bila kupiga hodi. Alimkuta kaka yake ameketi mlangoni, mikono kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

"Umeniua."

"Habari za mchana, mdogo wangu."

"Usinipe salamu! Watu wawili wamerudisha. Kwa kipande cha uzi! Mimi niliyebeba jeneza la mkeo, niliyekaa matanga siku zote, unanivua nguo mbele ya walimu?"

"Nguo ulijivua."

"Sikia, kaka." Fundi akachutama mbele yake, akashusha sauti. Alikuwa na kitu alichokihifadhi, ilionekana. "Unamfanya malaika. Hakuwa malaika. Unakumbuka mwaka nilipolazwa? Mke wangu kaondoka, mimi mifupa mitupu. Ile mandolini ya kinyozi, niliyoimalizia kitandani. Ilikuwa mbovu. Mimi nilijua ni mbovu. Yeye alijua. Aliinusa, akanitazama, akakata uzi akaifunga. Kwa huruma! Alidanganya kwa ajili yangu. Kwa hiyo usiniambie mimi habari za uzi wake. Kama angekuwepo angenielewa."

Mzee alitoa mikono majini. Aliikausha kidole kimoja kimoja.

"Ile ya kinyozi," akasema.

"Ndiyo, ile."

"Aliifuata."

"Aliifuata vipi?"

"Wiki tatu hakula vizuri. Alisema ni tumbo. Siku moja akapanda basi, hakuniambia anakwenda wapi. Kwa kinyozi ni siku nzima ya njia. Akamkuta ananyoa mtu. Akangoja mpaka amalize. Akamwambia hii niliipitisha kwa uongo, akafungua uzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Kinyozi alisema ataipiga hivyohivyo. Yeye akarudi kesho yake jioni."

Fundi alibaki amechutama.

"Hakuniambia," akasema. "Miaka yote ile. Alikuja hospitali wiki zilezile, akanitania kuhusu mashuka."

"Ulikuwa unaumwa."

"Alinichukia?"

"Wewe? Wewe alikuletea mashuka safi." Mzee aliimwaga ndoo, maji yakakimbia kwenye mfereji. "Nilimuuliza siku ile aliporudi. Nilimwambia, mke wangu, safari yote hiyo kwa kipande cha uzi, na mtu mwenyewe wala hakulalamika? Alikuwa ameketi hapa ulipo. Alivua viatu, akaomba maji ya kusukutua. Akasukutua mara mbili. Halafu akaniambia."

"Alisema nini?"

Mzee akamtazama ndugu yake, na akayasema maneno yalivyokuwa, hakuongeza wala hakupunguza:

"'Uchafu wa watu mimi nautema tu, mzee wangu. Huu wa kwangu mwenyewe sikupata pa kuutemea.'"